Gari la Constant Linainama Kushoto

Mimi sipendi mtu aniambie nimefunga springi vibaya. Nilifunga springi Buyenzi, kule Bujumbura, nikiwa bado sina ndevu, nikafunga za malori kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na sasa nazifunga hapa Molenbeek, Brussels, karibu na mfereji, kwenye gereji yenye mlango unaolia kuliko mtoto mwenye njaa. Kwa hiyo siku ile gari la Constant lilipoinama upande wa kushoto, kwanza nilitukana. Halafu nikatukana tena. Baadaye ndipo nikaanza kuogopa.

Lenyewe si gari la kwenda nalo dukani. Ni buggy, mabomba ya chuma yaliyochomelewa mfano wa tenga la kuku, viti viwili, injini nyuma, matairi manene ya kukanyagia mchanga na matope. Halina mlango wala kioo. Constant alilichomelea mwenyewe, bomba kwa bomba, humu humu gerejini kwangu, kila Jumamosi, redio ikipiga rumba za zamani na yeye akiimba vibaya juu yake. Alikuwa Mkongo wa Uvira. Mimi ni Mrundi, na ukisimama ufukweni kwetu usiku unaziona taa za kwao ng'ambo ya ziwa. Tulikutana Brussels, lakini tulibishana utadhani tumelala kitanda kimoja tangu utoto. Tulibishana ndagala, yaani dagaa, wa upande gani ni watamu. Tulibishana hata maneno. Mimi nasema "sogea", yeye anasema "songea", na kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa kutojua Kiswahili.

Na tulibishana kuhusu shokapu. Naongea habari ya vile vyuma vyenye mafuta ndani vinavyoshika gari lisidunde. Sisi kwetu tunasema amortisseur, ila nina wateja Watanzania, wameshaniharibu ulimi. Constant alifunga nyuma shokapu kuukuu alizozing'oa kwenye gari la mizigo lililokuwa linakwenda kusagwa. Nikamwambia zimechoka, siku utakayoruka kweli zitabanwa mpaka zigonge mwisho na zitakurusha. Akacheka, akaniita kwa jina. "Kadiri, bado zinavumilia." Mwaka juzi, kwenye machimbo ya mchanga huko Wallonie ambako klabu yao inakimbizia haya magari, aliruka tuta kubwa, shokapu zikagonga mwisho, gari likapinduka naye. Alikuwa nusu ya tour yake, yaani mzunguko wake. Hakuimaliza.

Watu hunikataza kumsema marehemu. Mimi namsema, kwa sababu nilimwambia, na kwa sababu Jumamosi zangu tangu hapo hazina maana.

Gari lilirudishwa gerejini juu ya trela, nikalisukuma kwenye kona, nikalifunika turubai. Mwili ulipelekwa Uvira. Matanga yaliondolewa huko, na sisi wa huku tukayatazama nyumbani kwa mjane wake, Gracieuse, pale Ixelles, watu tumejazana sebuleni mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye sufuria. Kaka mkubwa wa Constant akawa anagawa vitu vya marehemu, kama inavyopaswa. Koti kwa huyu, saa kwa yule, viatu kwa mpwa. Kisha picha ikaganda, kaka mdomo wazi, mtandao ukakatika. Uliporudi walikuwa wameshaanza kula. Hakuna aliyeuliza habari ya gari.

Mwaka huu akaja Anaïs. Huyu ni binti yao, na hawana mwingine. Ni muuguzi kwenye hospitali kubwa ya Jette, amezaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake ni kile cha kuombea chakula na kukatazwa mambo; mimi ananiita tonton, mjomba kwa Kifaransa. Alinyanyua turubai, akatazama, akaliachia.

"Tonton, klabu inafungua machimbo mwisho wa mwezi. Nataka kuendesha."

"Kuendesha nini?"

"Gari ya papa. Nataka kumaliza tour yake. Moja tu."

Nikamwambia hapana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kirundi asichokijua. Akanisikiliza mpaka mwisho, wauguzi wana subira mbaya, halafu akasema, bon, basi atalipeleka kwa fundi mwingine. Hapo akanishika pabaya. Nilipowaza mikono ya mtu mwingine kwenye mabomba yale, roho ikaniuma. Nikamwambia sawa, lakini kila kitu cha chini natoa, naweka kipya.

Jioni ile ile mama yake akanipigia simu. "Shemeji, nimesikia. Huyu mutoto ni kichwa ngumu sawa baba yake, siwezi kumufunga kamba. Lakini unisikilize vizuri. Niko na mumoja tu. Akipinduka na hiyo gari yako, usikuje kwangu kunipa pole."

"Si gari langu, mama Anaïs."

"Ni ya nani basi?"

Akakata simu.

Kazi yenyewe niliifanya kama nalipiza kisasi. Niling'oa zile shokapu za nyuma, nikazitupa kwenye pipa la vyuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikanyoosha mabomba, nikaweka mikono mirefu ya kushikia magurudumu ili yapate nafasi ya kupanda na kushuka, na shokapu mpya nne, ndefu, zimevishwa springi kwa nje, kila moja na pete yake ya kukazia. Ukikaza pete, springi inabeba zaidi na kona ile ya gari inanyanyuka. Ukilegeza, inashuka. Ni shokapu ambazo Constant alikuwa anazitazama kwenye simu kama watu wengine wanavyotazama nyumba. Nilipomaliza nikaliteremsha gari kutoka kwenye jeki, nikarudi nyuma, nikifuta mikono, nikitegemea kufurahi.

Likakaa likiwa limeinama kushoto.

Gari la namna hii hupimwa dereva akiwa ndani, maana dereva naye ni mzigo. Likiwa tupu linatakiwa kusimama sawa pande zote, juu kidogo. Akipanda mtu, upande wake unashuka, na hapo ndipo fundi anakaza pete mpaka lirudi sawa. Sasa hili lilikuwa tupu, na upande wa dereva ulikuwa umeshashuka. Nikaweka pimamaji sakafuni, sakafu sawa. Nikahamisha springi za kushoto nikazipeleka kulia, za kulia nikazileta kushoto. Likainama kushoto vile vile. Nikashika bomba la upande ule nikajaribu kunyanyua kwa mikono. Lilikuwa zito kwa namna ninayoijua, ule uzito wa gari lenye mtu ndani ambaye hataki kushuka kukusaidia. Mtu mzima, mnene kiasi, mpenda ugali.

Nikawasha redio ili nisisikie mawazo yangu. Ikaja rumba. Springi ya kushoto ikaanza kucheza, kidogo sana, ikishuka na kupanda na mdundo. Nikazima redio. Springi haikusimama pale pale. Ilicheza kidogo zaidi, kama mtu anayetaka kwanza kumaliza mstari wake, halafu ikatulia.

Mimi ni Mwislamu. Mtu akifa amekwenda, hakai gerejini kungoja springi mpya. Nilisoma nilichojua kusoma, nikapuliza pande zote, na gari halikunyanyuka hata unene wa kucha. Mwishowe hasira zikanipanda. "Constant," nikasema, "toka humo. Nilikuambia mapema, hukunisikia, sasa unakuja kuniharibia kazi." Niliona aibu ingawa nilikuwa peke yangu. Peke yangu, basi tuseme hivyo.

Nikampigia Gracieuse. Sikumweleza, nilimwambia tu aje. Alishuka kutoka kazini anakotunza wazee, bado amevaa viatu vyake vyeupe, akasimama mbele ya gari. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya bomba, karibu na kiti cha dereva, akakiacha hapo.

"Constant, ni miye," akasema. "Shuka, twende nyumba."

Gari halikutikisika. Akaketi juu ya tairi kuukuu akalia, na mimi nikatazama ukuta, maana kulia kwa mke wa rafiki yako si kitu cha kutazama. Alipomaliza alipenga kamasi, akasema kwa sauti kavu, "Hawakuigawa. Ile siku réseau ilikatika. Donc ni yake bado. Unafunga springi kwenye gari ya muntu bila kumuuliza."

Alimpigia shemeji yake Uvira pale pale. Yule kaka mkubwa akasikiliza, akakohoa, akatangaza kwa sauti ya matanga, simu ikiwa imeelekezwa kwenye kiti, kwamba gari la marehemu mdogo wake amepewa mtoto wake Anaïs. Tukamshukuru. Tukangoja. Treni ya metro ikapita chini ya ardhi, spana zikalia ukutani. Gari likabaki limeinama.

"Basi mutoto haendi," Gracieuse akasema.

Nikakubali naye. Nilikuwa nimeshaona hatari yenyewe, na haikuwa ya mizimu, ilikuwa ya chuma. Anaïs akimkalia Constant pale pale, kushoto kutabeba watu wawili, na kwenye tuta lile springi zitagonga mwisho. Hicho ndicho kilichomuua baba yake. Tulikuwa tunapanga nani atamwambia pale mlango ulipolia, naye huyo akaingia, ametoka zamu, koti linachuruzika mvua. Hakutusalimia hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akashika bomba la juu, akainua mguu.

"Usipande," nikafoka.

Akabaki mguu juu. "Pourquoi? Kwa nini?"

Nikamtazama mama yake. Mama yake akasema, taratibu, kama anamwambia mtoto mdogo, "Baba yako amekaa."

Nilidhani atacheka. Huyu amesoma, anafunga macho ya watu waliokufa na kwenda kunywa kahawa. Hakucheka. Alitazama springi za kushoto zilivyobanwa, akatazama za kulia, kisha akakitazama kile kiti kwa usawa ambao kichwa cha mtu kingekuwa. Uso wake ukalegea. Nikamwona alivyokuwa mdogo, pale Ixelles, jioni, Constant amelala kwenye sofa lote mbele ya televisheni, na kile kitoto kinamsukuma kwa nyonga. Kilikuwa na neno moja, kila jioni lile lile. Nilikuwa nakirekebisha, nikimwambia tunasema sogea, na baba mtu ananiambia niache mtoto wake aongee vizuri.

"Papa," Anaïs akasema. "Songea."

Sisi watu wazima tulikuwa tumemwambia toka, tumemwambia shuka, tumepiga simu mpaka ng'ambo ya bahari ili aondoke. Hakuna aliyefikiria kumwomba nafasi. Shokapu za kushoto zikatoa pumzi, ile sauti ya mafuta yanayopita kwenye tundu dogo, na upande ule ukapanda polepole. Gari likayumba katikati. Kisha kulia kukashuka, kukatulia.

Gracieuse alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Anaïs akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mkanda. Mimi niliokota spana ya pete kwa sababu sikujua mikono yangu niifanye nini kingine.

Sasa ikawa kazi yangu, na hakuna aliyeweza kunisaidia. Nikikaza kulia kwa ajili ya abiria, halafu abiria huyo akashuka njiani, upande wa kulia utakuwa mgumu na mrefu, gari likitua kutoka hewani litamtupa Anaïs kushoto na kumpindua. Nikiacha kulia kwa kiti kitupu, naye akawa bado yumo, kulia kutagonga mwisho na litampindua upande wa pili. Hakuna katikati. Nilichuchumaa pale mpaka magoti yakauma.

"Kaza, tonton," Anaïs akasema.

"Nakaza kwa watu wangapi?"

Aliyejibu ni mama yake, yule mwenye mmoja tu. "Kwa wawili," akasema. "Kaza kwa wawili."

Nikakaza mpaka gari likasimama sawa. Halafu nikainama karibu na kiti cha kulia, kilichokuwa kitupu kwa macho yangu, nikaongea chini chini. "Constant. Mara hii utanisikiliza. Umepanda, basi usishuke njiani."

Machimboni ilinyesha tangu asubuhi. Gari lilipokuwa bado kwenye trela, tupu, mzungu mmoja wa klabu aliyekuwa anakagua alilizunguka, akaniambia, "Monsieur, gari lako limeinama kulia." Nikamwambia ndivyo linavyotakiwa. Akataka kuongeza neno, akaniona macho, akapita. Anaïs alipopanda likanyooka, mkaguzi akatia muhuri wake.

Gracieuse alisimama pembeni yangu karibu na lile tuta. Hatukupanga kusimama pale, miguu ilitupeleka. Injini tuliisikia kabla ya kuliona gari. Kwenye kona ya kwanza lilikaa sawa, kwenye mashimo likabeba sawa, matope yakiruka pande zote, na moyo wangu ukaanza kupoa. Kisha likaja kwenye tuta. Hakupunguza mwendo. Likapanda, likaondoka ardhini.

Gari likiwa hewani halina uzito. Magurudumu yote yananing'inia, springi zote zinanyooka, na fundi yeyote hawezi kujua nani yumo na nani hayumo. Nililitazama lile tumbo la gari juu yetu, shokapu zangu nne zimenyooka sawa sawa, na nikasema moyoni, Constant, nakuomba. Sijawahi kumwomba kitu maisha yake yote. Gracieuse alinishika mkono, kucha zikaingia.

Likatua. Kushoto na kulia vilizama pamoja, vikapanda pamoja. Gari likaenda zake.

Alimaliza tour. Tulikimbia kwenye mstari wa mwisho, watu wazima tunateleza kwenye matope, tukamkuta amesimamisha gari, mikono bado kwenye usukani, mkanda hajafungua. Hakuna aliyeligusa gari. Nilisikia ile pumzi ya shokapu, nikaona upande wa kulia unapanda, taratibu, mpaka ukawa juu kuliko wa kushoto. Injini ilikuwa imezimwa. Mvua iligonga kwenye kiti kile kitupu, na kililowa kama kiti chochote.

Anaïs alivua kofia. "Ameshuka?"

"Ameshuka," nikasema.

"Hakusema kitu, tonton. Njia yote." Akalia, mama yake akamkumbatia humo humo kwenye mabomba, na mimi nikainama kukagua shokapu ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Gari lilirudi gerejini. Anaïs hajaliomba tena. Upande wa kulia bado umekazwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, na fundi yeyote mwenye akili angelegeza pete ile siku ile ile. Nilichukua spana. Jumamosi ilikuwa, mchana, mlango uko wazi, watu wanapita na mikate yao. Nilichuchumaa mbele ya pete, nikasimama tena. Nikazunguka, nikapanda kwenye kiti cha kulia, na magoti yangu haya, nikakaa.

Springi ikashuka, ikatulia. Ilishuka kwa mtu mmoja. Mimi najua springi.

"Songea," nikasema, na ile n yao.

Nikawasha redio kwenye simu, nikaiweka mapajani. Gari halikucheza. Nilimkumbuka sana rafiki yangu, nikaona wivu pia, niseme kweli, kwamba mtoto alipewa nafasi na mimi sikupewa hata salamu. Nilikaa pale mpaka wimbo ukaisha. Pete ya kulia sijailegeza.